Kwa Bwana Pete: Mistari Kumi na Moja Isiyo Yako

Mwaka umetimia wiki hii, mdogo wangu, tangu Jumanne ile ulipotuaga asubuhi, redio ikiendelea kuzungumza chumbani kwako na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kuizima.

Kalamu ya tangazo hili la kumbukumbu familia imenipa mimi, dada yako mkubwa, kwa sababu wanasema nina maneno mengi. Ni kweli ninayo. Ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Mtaa mzima ulikujua kwa ile pete yako ya chuma, pana kama sufuria kubwa iliyotoka kitako. Unaigongea ardhini kwa nyundo, unaijaza maji, unasimamisha rula ndani, kisha unachuchumaa na saa mkononi kuona udongo unakunywa maji kwa kasi gani. Wateja wangu wa saluni walikuwa wakikuchungulia dirishani. "Msusi, mdogo wako anamwagilia chuma ili kiote?" Nawe bila kuinua kichwa: "Kikiota nitawaletea mche." Basi wakakubandika jina, Bwana Pete, na ukalipenda kuliko ulilopewa na Baba.

Ulikuwa mpole, lakini mpole mwenye ung'ang'anizi. Uliwaandikia watu wa nchi ambazo Mama hawezi hata kuzitamka, ukiwabembeleza wasitupe karatasi zao za vipimo. Zikaja: za mashamba, za misitu, za viwanja vya shule, nyingine zimeandikwa kwa lugha zisizosomeka kwetu, nyingine zina alama ya kikombe cha chai. Huyu kapima kwa inchi, yule kwa milimita, huyu kwa saa, yule kwa dakika. Wewe na mwenzako wa ofisini, yule mama wa miwani ya kamba, mkazigeuza zote kuwa lugha moja, mkazipanga kwenye jedwali moja, mkaliacha wazi kwa yeyote anayelitaka.

Nilikuuliza siku moja, "Sasa wewe unapata nini?"

"Dada, kila mtu anapima kwake halafu anafungia kwenye droo. Mkulima anataka kujua amwagilie kiasi gani, fundi wa mitaro anataka kujua maji ya mvua yatakwenda wapi, wote wanabahatisha. Na majibu yapo, yamelala drooni."

Nyumbani hukuwa tofauti. Ukinywesha maua ya mkeo unahesabu kwa sauti. Ukialikwa kula unafika mapema uoshe vyombo kabla havijachafuka. Binti yako alipotaka kujifunza baiskeli, ulikimbia nyuma yake na viatu vya kazini hadi soli ikabanduka.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Ile siku ulipopima uwani, nyuma ya saluni yangu. Ulikuwa umeandika mistari saba, simu ikaita, ukasema unatoka mara moja. Ukanipa saa na kalamu. "Kila dakika tano soma rula, andika. Maji yakipungua ongeza, andika. Ukipitiwa, acha wazi, si kosa." Nikakuambia nenda zako, mimi nasuka vichwa kwa saa sita mfululizo bila kukosea njia, rula itanishinda?

Ulipotoka tu, akaingia mteja na habari ya wale majirani wa ghorofa ya pili.

"Wameachana!"

"Acha wee!"

"Wameachana, lakini friji ni moja. Kila mtu na rafu yake. Na kufuli mbili!"

Mdogo wangu, saluni ilijaa hadi mlangoni. Mmoja anauliza barafu ni ya nani, mwingine anauliza mlango ukifunguliwa na huyu, mwenzake anaruhusiwa kuchungulia? Tulicheka mpaka mtu akadondosha kioo cha mkono. Nilipokukumbuka, pete ilikuwa imekauka kitambo, na nikakusikia unafungua geti.

Nikamwaga maji ndani haraka. Nikajaza mistari kumi na moja kutoka kichwani: thelathini, ishirini na nane, ishirini na sita, hivyo hivyo, nikishusha mbili mbili.

Ukapokea karatasi. "Dada, mkono wako umetulia." Ukataka kuandika jina langu pale penye jina la mpimaji. Nikasema acha, jina langu linatosha kwenye kibao cha saluni. Ukadhani naona haya. Ukaandika lako peke yako.

Baadaye sana ndipo mkeo alipotuambia simu ile ilitoka hospitali. Ulikwenda kuchukua majibu ya ugonjwa wako, ukarudi, na neno lako la kwanza likawa, "Maji yanaendeleaje?" Nami nikakujibu, "Vizuri."

Hukuniomba tena nikupimie. Sijui ulijua, au uliona tu nina kazi nyingi. Hilo nitabaki nalo.

Mwezi wa tatu baada ya kukuzika, mwenzako wa ofisini alikuja saluni. Aliketi kwenye kiti changu akanionyesha karatasi ile. Akasema udongo haushuki ngazi namna hiyo, sawasawa, mbili mbili, na hakujua amuulize nani kwa kuwa jina lilikuwa lako. Saluni ilikuwa imejaa. Wote wananisikiliza mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kusema kweli.

Nikasema, "Alikuwa anaumwa, mama. Huenda alichanganya."

Akaitikia kwa huzuni. Akaenda akaondoa kwenye jedwali karatasi zako zote za tangu ugonjwa uanze, mia mbili na kumi na saba, kwa sababu sasa hakuna aliyejua ipi ya kuamini. Na neno likatoka kwenye kiti changu likatembea. Kufika kona lilikuwa "alichoka". Kufika sokoni lilikuwa "alikuwa anapika namba". Mimi ninayejua habari zinavyoota miguu nililiangalia likienda, miezi mitano, nikaendelea kusuka.

Mpaka binti yako alipoingia saluni amevaa sare, akasimama mbele ya wateja: "Shangazi, eti baba alikuwa mwongo?"

Nikamwambia, "Baba yako hakuandika uongo hata siku moja. Mwongo ni mimi." Nilisema mbele ya watu wote, kwa sababu uchafu wenyewe niliumwaga mbele ya watu wote.

Nikafunga saluni mchana ule ule nikaenda ofisini kwako. Mwenzako alisikiliza mpaka mwisho, hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliuliza, "Mistari ipi?" Nikamwonyesha, wa nane hadi wa kumi na nane. Akaifuta. Karatasi zako nyingine alizirudisha zote, moja moja, nami nimekaa pale namsomea tarehe. Zipo sasa, kwa jina lako, kwa yeyote anayetaka kuchukua.

Mama alinisikiliza akasema nitembee mwenyewe kwa mkeo, nisimtume mtu. Nilitembea. Wifi alifunga mlango. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa.

Ninyi mliolichukua neno lile saluni kwangu, nawaomba mlichukue na hili, mlifikishe hadi lile lilipofika: Bwana Pete alipima kweli.

Tangazo hili wifi alilisoma kwanza. Mwanzoni niliandika, "Familia inakuomba radhi." Akachukua kalamu, akakata. "Familia haikukosa. Andika wewe."

Naandika. Ni mimi, mdogo wangu. Nisamehe.

Unakumbukwa na Mama, mkeo, binti yako, kaka yetu dereva na watoto wake, mwenzako wa ofisini, wasusi na wateja wa saluni, na dada yako mkubwa, aliyekuwa na saa mkononi asiitazame.

Siku zote tulizobakiwa nazo, hatutakusahau.