Kiti cha Nyuma Kiko Sebuleni Kwetu

Kwa Zondi, Eshowe

Dada yangu mpenzi Bajabulile,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wajukuu wote wa hapo Nquthu. Miguu yako inaendeleaje? Mke wa mchungaji alipotoka huko aliniambia siku hizi unakwenda kuchota maji na fimbo mkononi, nikakosa raha kabisa. Zile soksi za sufu nilizokufumia zivae, dada. Usizifungie sandukuni kama vyombo vya wageni, nakujua. Sisi huku ni wazima wa mwili. Binti yetu Nokulunga anakusalimu, mimba yake inakwenda vizuri, tumbo limekaa juu na wanawake wa hapa wanasema ni mtoto wa kike. Mahindi yameota, mvua haijatunyima.

Nimesema wazima wa mwili kwa sababu kwingine hatuko wazima. Nisamehe mwandiko, shule yangu unajua iliishia pale mama alipojifungua mdogo wetu na mgongo wa kumbeba ukawa wangu. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwenye simu ya dukani, watu wote wamesimama pale na masikio yao. Soma polepole, ufike mwisho, ndipo umwite shemeji.

Unakumbuka kiwanda cha sukari kilivyowatoa wanaume kazini. Mume wangu alirudi na buti zake begani, akawa mtu wa kukaa ukutani na kuku, akifuata jua. Wenzake walimtania kwamba Zondi sasa ameajiriwa na kuku. Siku moja akauchukua msumeno wa marehemu baba mkwe, akausugua kutu kwa mafuta ya taa, akaanza. Alianza na meza, ya mbao za makreti yanayotupwa nyuma ya duka. Iliyumba, tukaiwekea kigae chini ya mguu. Ya pili haikuyumba. Akaja na kabati, mlango wa banda, kitanda cha Nokulunga. Ua ukajaa vumbi la mbao mpaka uji ukawa na ladha ya mkaratusi. Nililalamika, lakini kwa mdomo tu. Mume wangu alikuwa ameanza tena kupiga mluzi, dada, na mluzi ule nilikuwa nimeusahau.

Mwaka jana baada ya mavuno alileta gari bovu, limevutwa kwa trekta la jirani. Lilikuwa jekundu, la milango minne, ubavu mmoja umebonyea kama kopo lililokanyagwa. Nikamuuliza kalitoa wapi. Akasema kwa mtu wa vyuma chakavu mjini, amelipata karibu na bure, na mimi niache maswali nitaona mwenyewe. Kweli niliona. Alilikata katikati kwa mashine ya kuazima, cheche zikaruka mpaka kuku wakalala juu ya mti siku kadhaa. Nusu ya nyuma akaichomelea mkono wa chuma na kuijengea ubao pande zote, ikawa tela ya kubebea kuni. Kile kiti kirefu cha nyuma akakitoa, akakiundia miguu na mikono ya mkaratusi, akaipiga msasa mpaka ikawa laini kama mgongo wa kijiko, akapaka vanishi. Juu ya kitambaa akavuta ngozi ya ng'ombe, akaipigilia misumari kingo zote, akatuambia asimwone mtu akiibandua, hata kwa kufagia. Likawa kochi, akaliingiza sebuleni mwenyewe.

Dada, lilikuwa zuri. Nisikudanganye. Mikanda aliiacha, inaning'inia hapo kama mapambo. Wanawake wa kikundi cha maombi walipokuja walikaa watatu wakabanana, mmoja akajifunga mkanda akaniita, "MaBhengu, washa gari, tunachelewa Durban!" Tulicheka hadi tukalia. Baada ya hapo watu wakaanza kumletea Zondi viti vya magari yao mabovu awatengenezee kama lile. Wale wale waliomcheka na kuku sasa wanamwita fundi. Nokulunga naye, mimba ilipomlemea, akawa analala hapo mchana, anasema mgongo hapo haumuumi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Mwezi uliopita, asubuhi moja, tulisikia watu getini wakimwita Zondi kwa jina la sifa la ukoo wake, Nondaba, kwa adabu, kama wanavyoita watu wenye shida. Walikuwa wawili. Mwanamke wa umri wangu amevaa nguo nyeusi za msiba, na mzee mwembamba ameshika tawi la mti wa miiba. Nilipoliona lile tawi nikajua wamekuja kuichukua roho ya marehemu. Mzee hakutusalimu, na sikuona vibaya, maana mshika tawi hazungumzi na walio hai mpaka amfikishe mtu wake nyumbani. Mwanamke ndiye aliyesema. Alijitaja, MaXaba, mke wa Mbatha, kutoka huko huko kwenu Nquthu. Yule mzee ni shemeji yake.

Alisema binti yake Zamaswazi alifariki katika ajali ya gari. Alikuwa amekaa nyuma. Walikwenda barabarani pale ilipotokea, wakamwita kwa tawi, wakampandisha basi na kumlipia nauli yake, wakamrudisha, wakachinja. Lakini hakufika. Kila mara anamjia mama yake ndotoni na kumwambia ameketi nyumbani kwa watu asiowajua, watu wanakula mbele yake, wanacheka, na hakuna anayemsalimu. Wakaenda kwa mganga, akawaambia msimtafute barabarani, mtoto aliondoka na gari. Wakalifuata gari. Mtu wa vyuma chakavu akawaelekeza kwetu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mume wangu. Nilimtazama kisogo tu, nikangoja aseme, karibuni ndani, mtoto wenu yumo.

Zondi akawajibu kwa upole, dada, kwa upole kabisa, kwamba pole zake nyingi, lakini gari alilinunua bila viti. Viti vilikwisha ng'olewa huko mjini. Kilichopo ni hicho chuma, akawaonyesha tela, waongee nacho kama kitawasaidia.

Mzee akaenda akasimama kwenye tela. Kulikuwa na kuni ndani, akaanza kuzitoa moja moja kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili umeshika tawi, na mume wangu akamtazama tu. Kisha akaongea, taratibu, kama unavyomwamsha mtoto. "Zama, ni mimi baba yako mdogo. Tumekuja. Inuka mwanangu, twende nyumbani, mama yako yupo hapa." Akangoja. Akasema tena. Sisi wengine tulisimama juani. MaXaba akageuka akaniomba maji, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, kama mgeni yeyote. Nikamwahi. Nikamwambia apumzike hapo hapo kivulini, maji nitamletea. Nikamletea nje, dada. Mwanamke mwenye nguo za msiba, aliyetoka Nquthu mpaka Eshowe, nimempa maji kwangu amesimama kama mtu anayeuza mafagio, ili tu asiingie akaona. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Mzee alitikisa kichwa. MaXaba akaelewa. Wakaenda zao na tawi lao, na mtoto hawakumpata.

Walipopotelea kona ya barabara nilimuuliza Zondi kama alijua. Nilitaka aniambie hapana, nami ningemwamini, ningekimbia kuwaita na yangeisha. Akanijibu kwamba alijua tangu siku ya kwanza. Mtu wa vyuma chakavu alimwambia binti amefia kwenye kiti kile, ndiyo maana hakuna aliyelitaka gari na yeye akalipata karibu na bure. Ngozi ya ng'ombe aliivuta kuficha doa. Alikuwa amekinyunyizia maji ya maombi kabla ya kukiingiza, akadhani inatosha. Nikamuuliza, na Nokulunga? Na mimba yake? Ulimwona mwanao akilala hapo kila mchana ukaendelea kupiga mluzi? Akasema kiti ni mbao na sponji. Halafu akasema, nami nakuandikia alivyosema, "Wewe unataka nirudi kwa kuku? Likijulikana hili, kila mtu hapa atanirudishia kochi lake mlangoni. Wataniita fundi wa maiti. Unataka hivyo, MaBhengu?"

Namwelewa, na hapo ndipo panaponichoma. Nilimwona alivyokaa ukutani. Hakuna anayejua kama mimi jinsi mikono ile ilivyomrudisha kuwa mtu. Lakini MaXaba naye ni mtu, na mtoto wake si mbao.

Toka siku ile hakuna anayekaa pale. Nokulunga nilimwambia kunguni wameingia, akahamia kitandani kwake. Ukweli bado sijamwambia, naogopa kumshtua na hali aliyo nayo. Mimi asubuhi nikifungua madirisha namsalimu yule binti kwa jina lake. Sijui kama natakiwa, mimi si wa ukoo wao. Lakini siwezi tena kupita mbele yake kimya. Zondi akinisikia anatoka nje anawasha mashine yake, hata kama hakuna ubao wa kukata.

Kwa hiyo nakuomba, dada. Kwa Mbatha ni upande wenu, ukipita josho la ng'ombe, hutakosa kuelekezwa. Nenda mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie MaXaba kwamba Zamaswazi yuko kwetu, kiti kiko sebuleni upande wa dirisha, na hakijatupwa wala hakijachomwa. Mwambie tulimdanganya. Usiseme mume wangu alimdanganya, sema sisi, kwa sababu maji niliyatoa mimi. Waje na tawi lao mchana, siku yoyote. Wakimkuta Zondi yupo wasirudi nyuma. Mlango nitaufungua mimi, na wakitaka kuondoka na kiti chenyewe wakichukue, na ngozi yake, na miguu yake ya mkaratusi.

Neno moja limebaki, nimelizungukia tangu mwanzo wa barua. Nilimwambia Zondi kwamba nitawaita. Hakunifokea. Aliweka randa chini, akafuta mikono, akasema siku kile kiti kikitoka mlangoni nami nitoke nacho, na ng'ombe wa mahari hatawadai, anajua walikwisha liwa zamani. Ni mume wangu wa ujana, dada, na alilisema jambo hilo kama anayetaja bei ya misumari. Namfahamu, mdomo wake haurudi nyuma. Jibu langu ndilo hili umelishika mkononi.

Muulize shemeji, kwa siku ambayo hajachoka, kama ile nyumba ya mama mnayowekea mahindi inaweza kupata pembe moja ya mtu kulala. Sitaki kitanda wala maneno mengi. Mwambie sitakaa bure, nitapalilia, nitafua, na wewe nitakuchotea maji miguu yako ipumzike. Nokulunga ataamua mwenyewe aje au abaki na baba yake. Kama shemeji atasema mwanamke mzee harudi kwao, usigombane naye kwa ajili yangu. Lakini kwa MaXaba nenda hata akisema hivyo. Nenda kwanza huko, kisha ndiyo umuulize.

Wasalimie watoto wote, mbusu yule mdogo aliyeota meno, na umwambie mke wa mchungaji asante kwa kuibeba barua hii bila kuuliza kilichomo. Mungu akulinde, na mimi aniangalie.

Ni mimi mdogo wako,
Philisiwe,
leo bado mke wa Zondi