Alama ya Gumba Niliyoikata kwa Wembe

Tarehe 9 Agosti, 1957. Leo natimiza miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu za mtu aliyechoka mgongo lakini hajachoka kushukuru, naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha. Mimi ni kibarua wa reli, nabeba mataruma, yale magogo ya kulalia chuma, na shule niliishia darasa la nne, ndiyo maana hapa kambini wananiita Nusu Darasa, lakini nusu hiyo hiyo ndiyo inayowaandikia wenzangu barua zote za kwenda kwao.

Mke wangu ni mchoraji wa mabango ya maduka. Hajui kusoma hata herufi moja, ila ana mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine, na zamani tulifanya kazi pamoja, mimi napanda ngazi naandika maneno kwa chaki, yeye anafuata na brashi anayajaza rangi, na akimaliza anachovya kidole gumba kwenye rangi nyekundu anagonga pembeni chini, basi mtaa mzima unajua ni kazi ya nani. Nilipoondoka akabaki na ngazi, brashi na watoto wetu wawili, na sijasikia kwake neno la kulalamika.

Barua zangu anasomewa na jirani, fundi cherehani, majibu anayachora mwenyewe: mtoto aliyeng'oka jino, paa lililovuja na sufuria chini yake, yeye juu ya ngazi na mwenye duka chini anamwelekeza kwa fimbo. Mama mshauri, picha hizo ndizo zilizoniweka hai. Wakati wa chakula cha mchana natandaza moja juu ya taruma, naitungia hadithi, wenzangu wanasikiliza mpaka nyapara apige filimbi, nami jioni naiandika. Bila yeye nisingeandika lolote, nasema wazi.

Mwaka huu nilipeleka hadithi kumi na mbili, pamoja na picha zake, kwa wachapaji wa vitabu. Kabla ya kuzipeleka nilichukua wembe nikakata pembe za picha zote, pale penye gumba. Nilijiambia kwamba wakubwa wale wataona ni uchafu wa vidole. Uongo. Nilitaka waone kazi ya mtu mmoja. Wakajibu kwamba watachapa, tena wakasema nimejaliwa, kuandika na kuchora vyote kwa mkono mmoja, wakaniletea karatasi ya jalada yenye jina langu peke yake niitie saini, niirudishe kabla ya mwezi kwisha. Kambi ikashangilia, nyapara akanipa mkono, nami nikaupokea.

Mpishi wa kambi ndiye pekee niliyemwambia. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "We Nusu, mkeo hajui kusoma. Atajuaje jina la nani liko juu?"

"Jina hatalijua," nikamwambia, "lakini gumba lake atalitafuta."

"Mwambie limefutika njiani. Rangi hufutika, bwana!"

"Rangi ile nilikuwa naichanganya mimi. Haifutiki."

Wiki iliyopita ikaja picha mpya, maana nilimpelekea habari kwamba kitabu kinatoka. Amechora bango, mimi juu ya ngazi na chaki, yeye chini na brashi. Pembeni kuna gumba lake, na kando yake ameacha duara tupu, kipimo cha gumba langu. Nikitia saini nitampoteza siku atakapofungua kitabu, nikisema kweli naogopa wachapaji wataniona laghai na kukitupa kitabu chote. Vile vipande kumi na viwili sikuvitupa, vimo kwenye kisanduku cha kiberiti. Nifanyeje?

Reli ikifika mtoni mkataba wangu umekwisha, natarajia kurudi nyumbani mwezi wa Desemba, Mungu akipenda.

Nusu Darasa

JIBU

Nusu Darasa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilitaka kukuchapa. Umejaza kurasa kumshukuru mkeo, na shukrani zako nazisadiki, lakini yeye hajazipata hata moja. Alichopata ni wembe. Asante ya punda hiyo, ndugu yangu. Miaka mitatu mtoto wa watu anapanda ngazi peke yake, akishuka anakuchorea jino la mwanao usije ukalikosa, nawe unamkata kidole!

Huyo mpishi arudi kwenye sufuria zake. Asiyejua kusoma si kipofu.

Hata hivyo, aliyekusudia kuiba kabisa hatunzi vipande kwenye kiberiti. Ulijua utavihitaji. Basi jalada usilitie saini. Waandikie wachapaji leo, kwa maneno machache na ya kweli kama ulivyoniandikia mimi: picha ni za mke wangu, nilificha, nisameheni, pembe zake hizi hapa. Tia vipande vyote kumi na viwili ndani ya bahasha, uwaambie gumba lake likae juu ya jalada, karibu na jina lako. Wakikataa, kitabu kife. Kitabu utatunga kingine. Mke kama huyo hupewi mara mbili.

Kisha mkeo. Usimwandikie. Barua ya toba ikisomwa na fundi cherehani, mpaka jioni kila aliyeleta suruali atakuwa na maoni. Mchoree. Ndiyo, wewe. Chora wembe, chora karatasi isiyo na pembe, chora mwanamume aliyeinamisha kichwa. Akitokea mbuzi badala ya mtu, sawa, acheke kwanza ndipo akasirike. Na akikasirika mwache, ni haki yake, usimharakishe kujibu.

Lile duara usiliguse. Najua mkono unakuwasha ugonge gumba upesi, uirudishe picha kwa posta, mambo yaishe. Hapana. Kaa nalo tupu hivyo hivyo, ulitazame kila mchana juu ya taruma lako. Desemba ukifika nyumbani, mpe ile picha yenye duara mkononi, simama, na ungoje akuletee rangi mwenyewe.