Nyumba ya Hashimu kwenye gemu

Zulekha shoga yangu, Twaha, kijana wangu wa duka, analia hapa dukani mbele ya wateja! Kariakoo nzima inamtazama.

Unalikumbuka lile gemu la mtandaoni, la dunia iliyoangamia, alilokuwa akicheza na marehemu kaka yake? Tangu msiba hakuligusa. "Nitachezaje kabla ya arobaini ya Hashimu?"

Jana tumesoma arobaini. Leo kalifungua aione nyumba waliyojenga pamoja. Haipo! Nyasi tupu, Zule!

Kumbe mule nyumba isipotiwa mbao za matengenezo mara kwa mara inaoza yenyewe. Inaoza!

Na mbao alikuwa akitia Hashimu, kimyakimya. Twaha hakujua kama kuna kazi hiyo.

Anarudia tu, "Nilidhani namheshimu kaka, kumbe nilikuwa nambomolea nyumba."