Kabla Mutwiri Hajapewa Jina Jingine

Kinoti mwanangu,

Makena wa dada yako ananiandikia haya, na nimemwambia asiyapambe. Baridi ya Toronto inanikata magoti, lakini mdomo wangu mzima.

Uliniambia nikamtoe mwanao Mutwiri kwa watawa wa Kihindu. Nilienda na Makena na bakora yangu. Nikamkuta jikoni, ameunguza sufuria ya dengu. Nikangoja yule mtawa mzee anayemfundisha amfokee. Mzee akawapakulia vijana dengu nzuri za juu, yeye akachukua ukoko mweusi, akautafuna wote. Akasema, Makena akanitafsiria: "Kesho tutapunguza moto, mwanangu." Wewe ungemrushia sufuria.

Nikarudi bila Mutwiri. Mtoto ana mtu wa kumlea.

Jumapili anakula kiapo, nao watampa jina jingine. Lile la marehemu baba yako, ulilompa wewe, ataliacha. Nililia kwenye basi, sikufichi. Tangu aende huko hujamsemesha. Mpigie kabla ya Jumapili, umwite Mutwiri, aitike. Usipompigia yeye, hata mimi usinipigie.

Nakupenda na ukaidi wako wote,
Mama yako, Karimi