Koti Langu Mgongoni mwa Mbwa

Baba mkwe,

Mbwa akitoka matembezini, mfute mpaka katikati ya vidole. Taulo lake ni la kijani. La bluu ni langu la uso, tafadhali.

~~Na koti langu la kazini usiliguse tena.~~

Huo mstari nimeukata. Asubuhi nililikuta limelowa, limejaa manyoya, nikanuna na kukupita bila salamu. Mwanao ndiye aliyenieleza: radi ilipopiga mbwa aligoma kutembea, ukamfunika nalo, ukambeba hadi nyumbani, wewe mwenyewe umelowa chapachapa. Na uliapa hutagusa mbwa.

Asante, baba. Chai iko kwenye chupa. Koti nimekuachia msumarini. Leo livae wewe.

Na ile niliyokunyima asubuhi: shikamoo.

Mkaza mwanao