Basi Moja na Kiti cha Ndinda

Jumatatu, Julai 2007. Tangu asubuhi ukungu haujatoka hapa Mumbuni, na mimi hasira haijanitoka.

Na wewe unayesoma, ulikuwa wapi? Tangu mvua iishe hujapita hapa hata kusema hujambo. Mtu anaweza kufa azikwe, wewe uje kuuliza habari ya mahindi. Haya, keti. Unajua mimi sikuona darasa. Nasema, msichana wa saiba, pale pa kompyuta, anaandika, na nimemkataza kunirekebisha.

Leo ni habari ya Ndinda, kitinda mimba wangu. Ndiye mkuu wa michezo pale chuoni, mwanamke wa kwanza kukalia hicho kiti. Siku alipokipata nilichinja jogoo niliyekuwa nimemwekea Krismasi.

Sasa chuo chao kimehama kanda ya michezo. Miaka yote wamecheza na vyuo vya Kitui, Embu na Meru. Prinsipali amesikia harufu ya Nairobi, akataka wacheze na wakubwa wa huko. Mkutano ukaitwa, wakapiga makofi, wakanywa chai.

Hakuna aliyeuliza habari ya basi.

Chuo kiko na basi moja. Kwa kanda ya zamani, wavulana na wasichana walicheza siku moja, uwanja mmoja, na wenyeji wakawapikia wageni. Watu wa Kitui wakija, mimi mwenyewe nilipeleka muthokoi, mahindi nimeyatwanga na hii mikono. Msichana akikufunga, mnakula naye sahani moja, hasira inaisha. Huko Nairobi wavulana wanacheza upande huu wa mji, wasichana upande ule, saa ile ile, na kila timu inabeba mkate wake. Unachezaje na mtu ambaye hamjala pamoja?

Prinsipali akaamua basi liende na wavulana. Wasichana wa voliboli wapumzike mwaka huu.

Wapumzike. Kama wamezaa.

Na Ndinda wangu, mkuu wa michezo mzima, akasema ni sawa.

Alikuja kuniambia jana baada ya kanisa, macho ndani ya kikombe.

"Mwaitu, mama yangu, ningefanya nini? Wote pale ni wanaume, na mimi ndio mgeni kwa hicho kiti."

"Ulipewa ukalie ama ukipanguse vumbi?"

"Hayo ni mambo ya ofisi, mama."

"Na hao wasichana ni wa ofisi? Kapteni wao si ndiye alinichotea maji nikiwa na malaria?"

Mimi sikunyamaza. Nilisema mpaka chai yake ikashika utando.

Halafu akalia, na moyo ukanikatika, kwa sababu ni mtoto wangu. Nikamwekea viazi vitamu. Nikamwambia ale kwanza, kulia na njaa ni kazi mbili.

Leo mchana akapiga simu. Ameenda kwa prinsipali, mlango wazi, makarani wakisikia. Amemwambia basi liende kwa zamu, wasichana waanze Jumamosi hii. Timu inayobaki, yeye mwenyewe ataiomba kanda isogeze mechi yao. Kama hiyo ni ngumu, watafute mtu mwingine wa kukaa pale.

Prinsipali amekubali wasichana waende. Kisha akamwambia wakirudi, aingie ofisini wazungumze juu ya kazi yake.

"Sasa umefurahi, mwaitu?" Ndinda akaniuliza.

Nilimwambia nimefurahi, na ni kweli. Lakini baada ya simu nimekaa jikoni moto ukazima nikiangalia. Nimemsimamisha mtoto wangu ama nimemwangusha na huu mdomo? Mimi nikifukuzwa, nafukuzwa kutoka wapi? Shamba ni langu. Yeye ndiye anaamka kesho kupita mbele ya hao wanaume.

Wewe usipotee tena hivyo. Na ukirudi, msalimie Ndinda kwa jina lake tu. Hiyo ya mkuu wa michezo ingoje mpaka nikuambie kama bado ni yeye.