Baba Amekubali Kila Kitu

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu kutoka huku ng'ambo, kwenye baridi isiyo na mlima. Habari za hapo Ruring'u? Ng'ombe amezaa? Na goti lako, linakusumbua bado mvua ikinyesha? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala kidogo, na kazi ya kutunza wazee inaendelea. Moyo ndio si mzima, na sitakuficha, kwa sababu nataka na wewe usinifiche.

Hii ndiyo barua ya kwanza kukuandikia wewe peke yako. Miaka yote nimekuwa nikimwandikia Baba, na wewe nakuwekea salamu mwishoni. Unajua sababu. Mimi na Baba tulikuwa na vita vyetu vya vitabu, na wewe ulisema ati mwalimu mstaafu mzima hawezi kukaa akigombana na binti yake juu ya majoka ambayo hayako. Hukutaka kuyasikia. Leo itabidi uyasikie kidogo, ndiyo uelewe ni wapi ulikosea.

Baba ana mwandishi wake. Tulimpa jina Bwana Ramani, kwa sababu kila kitabu chake kinaanza na ramani ya nchi isiyokuwepo. Vitabu tisa, vinene kama matofali, na ndani yake wafalme wanarithiana mpaka msomaji anahitaji daftari. Mimi niko na wangu, Mama Mvua. Vitabu vyake ni vinne tu, vyembamba, na mchawi wake ni mwanamke muuza nafaka anayeita mvua kwa kugonga sufuria. Baba husema Mama Mvua anaandika kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Mimi nami husema Bwana Ramani anamaliza sura nzima akimvua mfalme viatu. Ugomvi huo tuliuanza nikiwa darasa la saba, aliponinunulia kitabu cha kwanza kwa wale wanaotandika vitabu vya mitumba pale mjini Nyeri, na hatujapatana hadi leo. Unamkumbuka akikamua huku ananikemea juu ya mfalme fulani, na wewe mlangoni unatuambia, "Nyinyi wawili mtafanya hii maziwa igande." Mama, Baba hajawahi kunikubalia hata sentensi moja. Ndivyo anavyonipenda, na nilijua hivyo hata nikiwa mdogo.

Sasa sikiliza. Hapa kazini tuko wasomaji wanne: mpishi wetu ambaye ni mama wa Kighana, muuguzi mmoja Mfilipino, mimi, na Wangari wa Kangari, yule niliyekueleza habari zake. Wakati wa chai tunashindanisha waandishi kama vile watu hushindanisha timu za mpira. Muuguzi anampenda mwandishi mmoja wa mizimu ya baharini, ambaye amefika kitabu cha kumi na sita na hadithi haijaisha. Mpishi anasema mwandishi asiyemaliza ni mwizi wa macho ya watu. Basi siku moja wakamgeukia Bwana Ramani. Wakasema hana mwanamke hata mmoja anayeongea. Nilijikuta nimesimama na kikombe mkononi, namtetea kwa maneno ya Baba, yote, hata lile la kwamba malkia wa kitabu cha tatu ananyamaza kwa sababu ndiye pekee anayefikiri. Wangari alicheka mpaka chai ikamwagika. Hapo hapo nikamtumia Baba meseji kumwambia nimemtetea mtu wake, nikijua atanicheka mwezi mzima.

Jibu likaja: "Usijali. Huyo mama wako wa mvua ndiye mwandishi mzuri. Mungu akubariki Wairimu."

Nilisoma mara tatu. Baba haniiti Wairimu. Nina jina la mama yake, na tangu nizaliwe ananiita Maitu, kama mtu anayemwita mama yake mzazi. Lakini hilo ningelisamehe, labda ameandika kwa haraka. Kumsifu Mama Mvua ndiko kulikonitoa jasho. Ningeambiwa ng'ombe wetu ameingia kanisani kuimba, ningeamini upesi zaidi.

Nikaamua kumjaribu. Nilimwandikia kwamba nimependa sana yule mfalme mwenye jicho moja alivyopigana katika kitabu cha tano. Mama, yule mfalme anakufa kitabu cha pili. Baba alilia alipofika pale, mimi nilimwona, akasingizia moshi wa jikoni. Jibu likaja: "Ndiyo alipigana vizuri sana. Kula vizuri pia wewe." Wiki iliyofuata nikamwandikia kwamba nimechoka na Bwana Ramani na nimevigawa vitabu vyake vyote tisa, vile vile ambavyo Baba alinifungia ndani ya sweta siku naondoka. Sikuvigawa, viko hapa chini ya kitanda. Nikajibiwa: "Ni sawa. Vitu ni vitu."

Vitu ni vitu ni maneno yako, Mama. Ulisema hivyo sahani za harusi yako zilipovunjika, na pia simu yangu ilipoanguka kisimani.

Kwa hivyo najua ni wewe. Nakuona umekaa na simu yake, kidole kimoja, miwani kwenye ncha ya pua, ukitafuta maneno ambayo hayataleta fujo. Ulitaka amani tu. Sikulaumu, hukujua kwamba kati yangu na Baba amani ndiyo ingenitisha.

Sasa niambie Baba ako wapi.

Nikipiga simu unashika wewe. "Baba yako ako sawa. Amelala." Saa nne asubuhi, mtu ambaye jogoo humkuta ameamka. Siku nyingine ukaniambia ameenda kanisani, na ilikuwa Jumanne. Mara ya tatu ukakasirika: "Wacha maswali mingi, Wairimu. Hiyo mambo ya majoka ndiyo inakuharibu kichwa." Nikaomba tuonane kwa video. Ukakubali, ukanionyesha ng'ombe, ukanionyesha mboga za sukuma, na ulipopita sebuleni niliona kiti chake cha dirishani. Kilikuwa kimejaa nguo za kupiga pasi. Kile kiti hata mchungaji hukatazwa kukikalia, Mama, na wewe umekiwekea nguo. Nilimuuliza Gathoni, nikidhani dada yangu hawezi kunificha, na Nanyuki anakokaa si mbali, lazima amefika nyumbani. Akaniandikia maneno mawili tu: "Uliza Mama."

Tangu siku hiyo naogopa. Naogopa nikiwa kazini, namvalisha mzee wa watu soksi mbili mguu mmoja, mpaka ananiuliza kama nimeshikwa na homa. Simu ikilia naruka, isipolia naruka pia. Najua Baba ana sukari. Kabla sijaondoka nilimwona akisogeza kitabu karibu na dirisha, kisha karibu na pua, halafu anasema karatasi za siku hizi ni mbaya. Nikajiambia ni macho, macho yamekwisha na anaona haya. Halafu nikafikiria labda ni kiharusi, amepoteza ulimi. Na kuna jambo la tatu ambalo nalizunguka tu, sithubutu kulikanyaga.

Wangari ndiye alinifanya nilitaje. Kwao walimficha. Kaka yake alifariki Wangari akiwa huku, wakamzika, na wakaendelea kumwambia Wangari kwamba kaka anachuma majani chai, anamsalimia, yuko na shughuli nyingi. Ati amalize mkataba kwanza, asije akaacha kazi na ruhusa ya kukaa ikapotea. Wangari aliyajua alipofika nyumbani kwa likizo na watu wote wakatoka kumpokea isipokuwa mmoja. Aliniambia, "Walinipenda, lakini nilimwekea mtu aliyekufa zawadi ndani ya sanduku." Najua watu wetu, Mama. Mkataba wangu umebaki miezi mitano, na najua unaihesabu.

Ndiyo maana nimempa Wangari barua hii. Anarudi nyumbani kabisa, na kabla hajafika kwao atapitia kwako. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, akae, na asikubali chai mpaka umalize kuisoma. Akikubali chai utamshinda kwa maneno, nakujua. Halafu nimemwambia aombe kumsalimia Baba ana kwa ana. Nisamehe kwa kukutumia mgeni kama askari. Sikuwa na njia nyingine, na kukuambia uongo kwamba amekuja kukusalimia tu ningeshindwa.

Kama ni macho, niambie. Nitamsomea mimi kwa simu kila siku nikitoka zamu, hata huyo Bwana Ramani wake na wafalme wake wote, neno kwa neno, bila kucheka. Kama ni ulimi, mweke tu karibu na simu niongee mimi, atanisikia. Kama amekataza nisiambiwe, mwambie nimeshajua na hasira zake naziweza. Na kama ni lile jambo la tatu, niambie wewe mwenyewe, kwa sauti yako, wala usingoje mkataba uishe. Kila Jumapili mimi hukaa nikamwandikia Baba. Usiniache nikimwandikia mtu ambaye mmeshamzika.

Usidhani nimekukasirikia. Nilikasirika kwanza, ni kweli, nilitupa hata mto ukutani. Kisha nikakufikiria uko peke yako na siri hiyo, unafua, unakamua, halafu unakaa chini kuandika kuhusu mvua na wafalme usiowajua ili binti yako ale chakula chake kwa amani. Sijui kama mimi ningeweza.

Nisalimie shangazi wa Kangari, na umwambie kilemba chake kimenifikia. Nisalimie jirani yetu muuza mboga, na kina mama wa kikundi chenu cha kanisa, hasa mwenyekiti, ambaye najua anajua yote haya na ameapa kunyamaza. Gathoni mwambie nampenda na nina neno naye.

Kisha ingia chumbani kwa Baba. Mwambie, "Maitu amesema Bwana Ramani hakujua kuandika." Useme hivyo tu, halafu usikilize. Atakachosema, hata kikiwa tusi, mpe Wangari aniandikie kama kilivyotoka mdomoni. Na kama hakuna mtu wa kuambiwa hapo chumbani, Mama, usinijibu kwa simu yake tena. Nipigie kwa yako.

Mtoto wako anayengoja,
Wairimu